Umeme ulikatika kabla Buliwyf hajafa

Ilikuwa 2001, kwenye banda la video mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Kwenye runinga mvua inanyesha, wanaume wamejipanga nyuma ya magogo yaliyochongwa ncha, kwato za farasi zinasikika kwa mbali. Mara picha ikajikunja ikawa nukta moja nyeupe, na nukta nayo ikazimika. Tulikuwa kama arobaini kwenye mabenchi, kila mmoja kalipa shilingi 50 yake. Kelele za "rudisha hela!" zilianza hata macho hayajazoea giza.

Mtafsiri alikuwa pale pale alipokaa siku zote, ubavuni mwa deki, na maikrofoni yake iliyofungwafungwa kwa nailoni, ambayo sasa ilikuwa haina kazi. Akapanda juu ya benchi. "Tulieni," akasema. "Namalizia mwenyewe." Akatumalizia, kwa mdomo, gizani. Nitafika huko. Kwanza nieleze mkanda wenyewe, maana tangu siku ile sijaacha kutazama filamu za namna hii, za majoka na mashujaa wa Kaskazini ya Ulaya, za pete zenye laana na mapanga yenye majina, na zote huwa nazipima kwa yule mtu wa juu ya benchi.

Nje, kwenye ubao, mkanda uliandikwa kwa chaki "Mwarabu na Majitu ya Ukungu". Jina lake halisi ni The 13th Warrior, wa mwaka 1999, ulioongozwa na John McTiernan. Mwarabu ni Antonio Banderas, ambaye sisi tulimjua kama yule jamaa wa sanduku la gitaa lililojaa bunduki. Humu ni Ahmad ibn Fadlan, mtu wa Baghdad anayempenda mke wa mwenye cheo na kwa kosa hilo anatumwa ubalozi mbali kabisa, huko baridi inakotoka. Anakutana na Waviking. Bibi kizee wao anarusha mifupa, anatoa jibu: watakwenda watu kumi na tatu kumsaidia mfalme Hrothgar aliyevamiwa na viumbe wanaokuja na ukungu, na wa kumi na tatu asiwe mtu wa Kaskazini. Macho yote yanamgeukia Ahmad.

Kwa ambaye hakuwahi kukaa banda la video: mtafsiri alikuwa anapunguza sauti ya mkanda na kuwasemea wote, mfalme, mchawi, farasi akibidi. Alipoona hadithi imepoa alitia pilipili. Mle kwenye mkanda kuna mahali mmoja wa wale wapiganaji anampa Ahmad kinywaji. Ahmad anakataa: dini yake haimruhusu kilichochachuka, kiwe cha zabibu au cha nafaka. Jamaa anaangua kicheko, anamwambia hiki ni cha asali! Mtafsiri hakuhangaika kutafuta neno. "Kunywa, Mwarabu! Hii siyo pombe, hii wanzuki!" Banda zima likalipuka. Tabora ni mkoa wa asali, na sidhani kama mle ndani kulikuwa na mtu asiye na mjomba aliyewahi kujitetea kwa hoja hiyo hiyo.

Lakini ustadi wake niliuona kwenye lugha. Ahmad mwanzoni haelewi neno. Usiku baada ya usiku anakaa nao kando ya moto, kamera inawatazama midomo, wao wanabwabwaja Kinorwe na kucheka, na ndani ya bwabwaja hiyo taratibu neno moja linaanza kueleweka, halafu mawili, halafu sentensi. Sasa jiulize: mtafsiri atafanyaje hapo? Akitafsiri kila kitu, sisi tutawaelewa Waviking kabla ya Ahmad, na kipande kizima kinakufa. Alichofanya ni kubuni lugha papo hapo, makoromeo matupu, halafu akawa anachomeka: *hroka broka* farasi, *groda* mama yake, *hrok* mama yake huyu. Mpaka moto unazimika tumeelewa kuwa wanamtania Ahmad kuhusu mama yake. Ahmad naye anawajibu kwa lugha yao, kwamba mama yake ni mwanamke msafi wa ukoo bora na yeye walau baba yake anamjua. Yaliyofuata kwenye jibu hilo siyaandiki, mama yangu husoma ninachoandika. Wanamuuliza, wamepigwa na bumbuwazi, lugha yetu umeijuaje? "Nilisikiliza."

Katikati ya mkanda ukazuka ubishi ambao wenzangu wa mabanda wataukumbuka: stelingi ni nani? Sheria inajulikana, stelingi hafi. Nusu ya benchi letu ilisema ni Ahmad, kwa kuwa ndiye aliyeanza na ndiye mwenye sura. Nusu ikasema ni Buliwyf, jitu lile la kimya lenye nywele za dhahabu, maana ndiye anayeongoza na ndiye anayeua. Wakati umeme unakatika Buliwyf alikuwa amekwisha kutiwa sumu ya ukucha wa mama wa yale majitu. Hivyo hela za watu zilikuwa na uzito wake.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kuwa ibn Fadlan alikuwepo. Juni 921 aliondoka Baghdad na msafara wa Khalifa al-Muqtadir kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, aliyeomba watu wa kumfundisha Uislamu na fedha za kujengea ngome. Walifika Mei 922. Huko mtoni akawakuta wafanyabiashara walioitwa Rus, watu wa asili ya Skandinavia, akaandika alichokiona kwa jicho ambalo mpaka leo linachekesha na kutisha. Anasema hajapata kuona maumbo yaliyokamilika kama yao, warefu kama mitende. Hapo hapo anasema ndio wachafu kuliko viumbe wote wa Mungu: asubuhi kijakazi analeta beseni la maji, bwana ananawa, anapenga kamasi humo humo na kutema mate, na beseni linahamia kwa anayefuata, maji yale yale, mpaka wamalizike. Filamu imelichukua beseni hilo bila kulipunguza.

Imechukua pia mazishi. Ibn Fadlan alishuhudia mkuu wao akichomwa ndani ya jahazi lake, pamoja na kijakazi aliyejitolea kumfuata. Kazi ya kumuua ilikuwa ya bibi kizee ambaye ibn Fadlan anamwita Malaikulmauti, jina lile lile wanalolijua watoto wetu wa madrasa. Kabla ya hapo msichana ananyanyuliwa mara tatu juu ya kitu kama fremu ya mlango, achungulie ng'ambo ya pili. Mara ya kwanza anasema anamwona baba yake na mama yake. Ya pili, anawaona jamaa zake wote waliokufa, wamekaa. Ya tatu, anamwona bwana wake peponi, na pepo ni nzuri, ya kijani. Kwenye filamu maneno hayo yamegeuzwa kuwa dua ya wapiganaji kabla ya kufa, na ndiyo inayokaririwa sana na wapenzi wa mkanda huu.

Sasa tazama: ibn Fadlan halisi hakujifunza lugha yao kando ya moto. Alikuwa na mkalimani. Anaeleza wazi kwamba alimuuliza mkalimani yule binti anasema nini. Na pale Mrus mmoja aliyesimama kando yake alipozungumza na mkalimani, ibn Fadlan akauliza, kasemaje? Kasema, ninyi Waarabu wajinga, mnayempenda kuliko wote mnamtupa mchangani aliwe na wadudu. Sisi tunamchoma, na dakika hiyo hiyo yumo peponi. Maneno maarufu kuliko yote kuhusu kifo cha Waviking yalimfikia Mwarabu kupitia mtu wa kati ambaye hatukuachiwa jina lake. Alitafsiri sawasawa? Alitia pilipili? Mimi niliyekulia bandani nina jibu langu.

Na kitabu chake kimekatika. Kwa karne nyingi kilijulikana kwa vipande ambavyo waandishi wengine walivinukuu, mpaka mwaka 1923 msomi Zeki Velidi Togan alipokuta nakala ndefu zaidi Mashhad, Iran. Nakala hiyo haina mwisho, inakatika katikati ya masimulizi. Mmarekani Michael Crichton, mwaka 1976, alitoa riwaya ambayo sura zake tatu za mwanzo kaziegemeza kwenye maandishi halisi ya ibn Fadlan. Kuanzia hapo kabuni mwenyewe. Kwa sauti ile ile kavu ya mjumbe wa Baghdad kampeleka Kaskazini zaidi, akatia na tanbihi za kitaalamu za uongo ili tuamini. Alianza kama mchezo wa kubishana: rafiki yake alikuwa akilitaja shairi la Beowulf miongoni mwa vitabu vikuu vinavyochosha, Crichton akasema hadithi yenyewe ni tamu, tatizo ni masimulizi. Riwaya hiyo ndiyo iliyozaa mkanda wetu. Kwa maneno mengine, umeme ulimkatikia ibn Fadlan, Crichton akapanda juu ya benchi.

Buliwyf ni Beowulf, bila shaka umeshamgundua. Shairi lenyewe lina mistari 3,182 ya Kiingereza cha kale, na limebaki katika muswada mmoja tu duniani, wa karibu mwaka 1000, ambao mwaka 1731 uliponea chupuchupu kwenye moto huko London. Kingo zake ziliungua, na baadhi ya herufi zimepukutika kabisa. Lilitungwa Uingereza na Mkristo, ila mashujaa wake ni wapagani wa Denmark na kusini mwa Sweden. Mtunzi anawapenda na anawahurumia kwa pamoja. Zimwi Grendel analiingiza kwenye ukoo wa Kaini wa Biblia, jambo ambalo Beowulf mwenyewe asingelielewa. Mgeni anasimulia, tena.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoilaumu The 13th Warrior kwa kuliharibu shairi. Filamu ilipata hasara kubwa, hilo kweli, na Omar Sharif, ambaye yumo kwa dakika chache mwanzoni, aliwahi kusema ilimchosha na uigizaji akapumzika kwa muda. Na ina makosa yake: mapango yana giza kiasi kwamba mtafsiri wetu alikuwa anakisia nani kafa. Lakini namna ilivyolishughulikia joka sijaiona kwingine. Watu wa kijiji wanapiga kelele kwamba joka la moto linashuka mlimani. Ukungu unajigawa, na kweli, kitu kirefu kinachowaka kinajipindapinda kuja chini. Mtafsiri alinguruma "Jokaaaa!" akaiacha sauti ining'inie. Kikikaribia unaona ni wapanda farasi, mamia, wamefuatana kila mtu na mwenge wake. "...Kumbe mienge," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelipishwa bei ya kuku akapewa kware. Mimi ndio kwanza nikaogopa. Joka unaweza kulichoma mkuki ukamaliza.

Robert Zemeckis alilijaribu shairi lile lile mwaka 2007 kwa picha za kompyuta, waigizaji wakiwa wamebandikwa vitambuzi mwili mzima. Nyuso zimetoka kama za masanamu ya dukani, na Angelina Jolie anaibuka majini kapakwa dhahabu na nyayo zenye visigino virefu, jambo ambalo mdogo wangu bado ananiuliza lilikuwa na maana gani. Ila walioandika, Neil Gaiman na Roger Avary, walishika uzi mmoja mzuri. Katika shairi Beowulf anazama kumuua mama wa Grendel, na anaporudi kashika kichwa cha Grendel. Cha mama hakuja nacho. Kwa nini? Filamu inajibu: kwa sababu hakumuua. Alilala naye, akarudi akadanganya, na joka litakalokuja kumuua uzeeni ni mwanawe. Wapo waliosema ni kufuru. Mimi nilimkumbuka yule mkalimani wa mto Volga.

Majoka mengine niseme moja tu, kwa kuwa ndilo lililonitia huruma. Mwaka 1924 Fritz Lang alitoa Ujerumani filamu mbili mfululizo, Die Nibelungen, za kimya, kwa pamoja zinakaribia saa tano. Nilizitazama kwenye simu usiku wa mgawo wa umeme, nikawa nawasemea wote mwenyewe kwa sauti ya chini. Joka la Lang lilijengwa kwa ukubwa wake halisi, watu wamejificha ndani wakilizungusha shingo na kulifumbua macho. Linatembea kama basi lenye springi zilizokatika. Shujaa Siegfried analikuta linakunywa maji. Linakunywa maji tu, halijamkosea mtu, naye anateremka na panga. Likiwa linakata roho mkia unagusa mti, jani moja linadondoka na kumnatia Siegfried nyuma ya bega wakati anaoga damu itakayomfanya asidhurike na chuma. Hapo penye jani damu haikugusa. Mkewe Kriemhild, kwa kudhani anamlinda, anaishona alama mahali hapo kwenye nguo yake. Adui yake Hagen anaitumia kama shabaha na kumchoma mkuki akiwa kwenye chemchemi.

Msomaji wa Pwani keshamkumbuka Fumo Liongo: mwili usiodhurika isipokuwa kitovuni kwa sindano ya shaba, siri anayoitoa kwa mtu wa damu yake, na mwisho wake kisimani, amepiga goti kavuta upinde, watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Sidai kwamba hadithi hizi zimeazimana. Nasema tu kwamba nilipomwona Siegfried anainamia maji nilijua.

Filamu ya Lang inafungua kwa maandishi ya kuitunuku kwa watu wa Ujerumani, na hapo ndipo ninapopata kichefuchefu kidogo. Ndiyo pekee kati ya hizi inayodai hadithi ni yetu, ya damu yetu. Wanazi waliipenda; Goebbels, waziri wao wa propaganda, aliisifu hadharani mwaka 1933, na mwaka huo huo Lang akaihama nchi. Mkewe waliyetengana, Thea von Harbou, aliyeiandika, akabaki.

Mzozo kama huo ulirudi kwa sura ya kipuuzi mwaka 2011, filamu ya Thor ilipotoka na Idris Elba, ambaye wazazi wake wametoka Sierra Leone na Ghana, akiwa Heimdall mlinzi wa daraja la miungu. Watu walikasirika kweli. Inawezekanaje Mwafrika awe mungu wa Kaskazini? Wangemuuliza Snorri Sturluson. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu Thor na Odin imetoka kwa huyu Mkristo wa Iceland, aliyeandika karibu mwaka 1220, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kisiwa chake kuiacha miungu hiyo. Na Snorri, katika utangulizi wake, anasema miungu hao walikuwa watu wa kuja, kutoka Troy, nchi ambayo leo ni Uturuki. Thor, anasema, alizaliwa na binti wa mfalme Priam, na baba yake ni mfalme aitwaye Munon au Mennon. Katika ngano za Wagiriki kuna Memnon anayekwenda Troy kumsaidia Priam. Ni mfalme wa Wahabeshi. Filamu zenyewe za Thor nazitazama nikiwa napiga pasi.

Na The Northman, filamu ya Waviking ya 2022? Kila kifungo na kila paa vimefanyiwa utafiti na wanaakiolojia. Nililala. Hakuna mgeni anayesimulia, hakuna wa kuuliza kasemaje.

Turudi gizani. Kabla ya umeme kukatika kulikuwa na kipande kimoja ambacho mtafsiri alishindwa nacho. Buliwyf anamuuliza Ahmad kama anaweza kuchora sauti. Ahmad anainama, anaandika kwa Kiarabu mchangani. Mtafsiri alivuta pumzi aseme, na banda, nusu yake watoto wa madrasa, likamtangulia: *La ilaha illallah*, mabenchi yote, kwa sauti ile ya darasani. Akakohoa. "Kama mlivyojisomea," akasema.

Kwa hiyo aliposimama gizani alijua anasema na nani. Alisema mvua ilizidi. Alisema majitu ya ukungu yalikuja mia mbili, na Buliwyf, mwenye sumu mwilini, alitoka ndani peke yake akiburuta panga kama mtu anayeburuta jembe jioni. Alimuua kiongozi wao, nayo yaliyobaki yakageuza farasi. Kisha akakaa chini kwenye tope. Ahmad akamkimbilia. Buliwyf hakusema neno. Alinyoosha kidole akaanza kuandika kwenye tope yale maneno aliyofundishwa, herufi moja, ya pili, kwa taabu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na mvua inanyesha. Kila akiandika, mvua inafuta. "Alimaliza, hakumaliza," akasema mtafsiri, "hiyo anajua Mungu."

Palikuwa kimya. Nilisikia mtu wa mbele yangu akimeza mate.

Nilipokuja kuuona mkanda wote, mwaka 2009, kwenye kompyuta ya kuazima, nilisubiri kipande hicho. Buliwyf anaua, anakaa, anakufa kakaa wima kama mfalme. Hakuna tope, hakuna kidole. Nilirudisha nyuma nikidhani nimekipita. Nikarudisha tena. Kuandika mchangani kumo, lakini ni huko nyuma, mbali kabisa na mwisho. Yeye alikichukua akakipeleka alikotaka.

Usiku ule, tukiwa tunatoka tunapapasa ukuta, kijana mmoja aliuliza kwa sauti: "Sasa kwa hiyo stelingi alikuwa nani?"

"Kesho," mtafsiri akasema. "Shilingi hamsini."